Niliomba mwongozo wetu usogezwe juu, wakaufuta

Kazi yangu ya miezi minne imefutwa leo kwa dakika tano.

Mnajua najitolea kwenye tovuti ya lugha huria ya kompyuta, ya kuandikia programu bila malipo, ile ninayowafundisha akina mama hapa Geita.
Mwongozo wake wa Kiswahili niliuandika mimi.
Ila kuufikia ni kubonyeza mara sita, tena uwe umeelekezwa!

Basi leo kwenye kikao cha mtandaoni nikaomba uwekwe kwenye menyu ya mwanzo.

Kiongozi wetu, Mtanzania mwenzangu, akasema, "Dada, ule ukurasa hausomwi."

"Hausomwi kwa sababu hauonekani," nikamjibu.

Kisha akasema, "Tunapunguza menyu. Bora tuuondoe kabisa."

Wote wakakubali. Mmoja akaniwekea dole gumba.

Mchana huo huo ukaondolewa.

Jioni akanipigia Mama Kulwa, mwanafunzi wangu wa Buseresere.
"Mwalimu, mwongozo nimeutafuta weee, siuoni. Nimekosea wapi?"

Nikamwambia hajakosea.
Bado akaniomba radhi kwa kunisumbua.

Wale wa kikaoni, hata mmoja hajaniomba.

Hebu niambieni ukweli, nyie mngeendelea kujitolea?