Tarishi wa Mteremko wa Pugu

Mie si mtu wa kusimulia mashetani. Nilikuwa karani katika ghala la mbao, na kazi ya karani ni kuandika kilichopo, si kile anachodhani kipo. Kwa hiyo haya ninayokwambia ni ya kweli, niliyaona kwa macho yangu haya mawili, asubuhi, nikiwa na akili zangu timamu na sijatia kitu kinywani isipokuwa uji. Ukitaka kucheka, cheka. Lakini nisikilize kwanza.

Wakati huo Mwingereza bado yupo. Temeke, tulikokaa sisi, ilikuwa minazi na mihogo, na nyumba za makuti zilizoachana mbalimbali. Kila mwaka, Jumatatu ya Pasaka, watu walikuwa wakikusanyika Pugu na kukimbia mpaka Ilala. Nyie siku hizi mngeita marathoni. Sie tulisema mbio ndefu, basi. Watu walikuwa wakitoka Keko, Magomeni, Kinondoni, hata Kimbiji walivuka maji kuja kukimbia. Mshindi alipewa kikombe cha fedha chenye masikio mawili, na jina lake lilitajwa mabarazani mpaka Pasaka nyingine.

Sisi tulikuwa watatu. Yohana alikuwa mwalimu wa shule, Mhehe kutoka Iringa, mrefu, maneno machache, anakimbia kama mtu aliyetumwa dukani na hataki kuchelewa. Saidi alikuwa mtoto wa Mwarabu mwenye duka pale Temeke, amezaliwa hapohapo, anapenda kula na anapenda kucheka, na kila mwaka alifika miongoni mwa wa mwisho. Lakini niamini, hakuna aliyezipenda mbio zile kama Saidi. Ndiye aliyekuwa akitugongea milango jioni tukafanye mazoezi. Ndiye aliyetununulia fulana nyeupe, tatu zinazofanana. Mie nilikuwa katikati yao, kwa mwendo na kwa maneno. Mwaka uliotangulia huu ninaokusimulia nilikuwa wa nne, na tangu siku ile nilikuwa nikikiota kile kikombe.

Mwaka ninaousema, Saidi alitoka kuugua homa wiki mbili kabla. Mama yake hakutaka aende. Usiku wa kuamkia Jumatatu aliniita uani, akanishika mkono.

"Mwanangu," aliniambia, "huyu hasikii. Nakukabidhi wewe. Mtakwenda naye na mtarudi naye."

"Usiwe na wasiwasi, mama," nilisema. Ni rahisi, siyo, kumwambia mtu asiwe na wasiwasi?

Lori lilitupandisha Pugu kabla ya alfajiri. Mvua ilikuwa imenyesha usiku kucha, masika yenyewe. Mie na Saidi tukaswali juu ya magunia, Yohana akapiga ishara yake ya msalaba, tukanywa uji. Kulipopambazuka, ukungu ulikuwa umeshuka kutoka msituni, mzito, ukimnyooshea mtu mkono huvioni vidole vyako. Kipenga kikalia, tukaondoka.

Miaka yote tulikuwa tukikimbia pamoja mpaka reli, halafu kila mtu na miguu yake. Safari hii Yohana alitoka na wa mbele tangu mwanzo, na mie nikabaki na Saidi. Hatukwenda mbali nikasikia pumzi zake hazikai sawa. Na miguu yangu, Mungu anisamehe, ilikuwa myepesi siku ile kuliko siku yoyote ya maisha yangu. Nilikuwa kama ninajizuia kwa kamba. Saidi akaona.

"Nenda bwana," alisema. "Usiniharibie siku yangu kwa kunichunga. Tutakutana Ilala."

"Una hakika?"

"Nenda."

Nikaenda. Sikugeuka hata mara moja. Niliteremka ule mteremko mpaka katikati yake, nikavuka daraja la mbao lililo juu ya kijito kinachomwaga maji yake mto Msimbazi. Kijito kilikuwa kimejaa, kinanguruma. Nikawapita watu watano, sita, kumi. Mwisho nikawa peke yangu katika ukungu, nasikia nyayo zangu tu zikipiga tope.

Basi hapo, ubavuni kwangu, mtu.

Sikumsikia akija. Alikuwa mzee wa makamo, mwembamba, miguu mitupu, kaptula ya kaki iliyopauka mpaka imekuwa rangi ya majivu. Begani alikuwa na mkoba wa ngozi, na mkononi ameshika kijiti kilichopasuliwa ncha. Nilidhani ni mwenyeji wa palepale aliyejiunga kwa kujifurahisha, kwa kuwa wapo waliokuwa wakifanya hivyo. Nikamsalimu kwa adabu, "Shikamoo mzee."

Hakuitikia. Ulishawahi kumwamkia mtu mzima akanyamaza? Inauma. Tulikwenda hatua kadhaa, halafu akasema:

"Mwenzio yuko wapi?"

"Yuko nyuma, mzee. Anakuja."

Kidogo tena, sauti ileile:

"Mwenzio yuko wapi?"

"Mzee, nimekwambia anakuja."

Nilisema kwa ukali kidogo, na kwa haya ya ukali ule nikatazama chini. Ndipo nikaona. Mie tope lilikuwa limenirukia mpaka mapajani. Yeye miguu yake ilikuwa mikavu. Si mikavu tu, ilikuwa na vumbi, lile vumbi jeupe la kiangazi linalokamata mpaka magotini. Vumbi, katikati ya masika! Na pale alipokanyaga tope lilibaki laini kama lilivyokuwa. Halikuwa na alama.

Nilitaka kukimbia zaidi, lakini nilikuwa tayari nakimbia kwa nguvu zangu zote, na yeye yuko ubavuni kwangu, hahemi. Akauliza mara ya tatu. Safari hii sauti haikuwa ya kuuliza wala ya kukemea. Ilikuwa sauti ya mtu aliyepoteza kitu zamani na hajaacha kukitafuta.

"Mwenzio yuko wapi?"

Kweli yenyewe ni kwamba sikujua Saidi yuko wapi. Niligeuka.

Nilipandisha ule mteremko wakati wenzangu wote wanateremka. Walinicheka. Mmoja aliniuliza kama nimesahau chai yangu Pugu. Nikawa nauliza, mmemwona Saidi, yule mnene wa Temeke? Hakuna aliyesema amemwona. Nilipofika darajani nikaona ubao mmoja wa ukingoni umevunjika, na kwenye tope imelala kofia ya Saidi.

Alikuwa chini, majini. Kichwa kilimzunguka, akaushika ule ukingo, ukingo ukaondoka naye. Maji yalimsukuma mpaka kwenye mzizi wa mkuyu, ameukumbatia, maji yanamfika kidevuni, macho wazi, sauti hana. Nilishuka bila kufikiri. Nilimpata, nikaikamata fulana yake, na hapo maji yakatuchukua sote wawili mpaka nami nikaudaka ule mzizi. Kila nilipoushika udongo wa ukingo ulimeguka mikononi kama mkate uliolowa. Mzizi nao ukaanza kung'oka. Nilijua tunakufa. Nilimkumbuka mama yake uani.

Halafu mbele ya uso wangu kikashuka kijiti.

Kijiti kilichopasuliwa ncha, chembamba, hata paka kisingemzuia. Lakini mtu anayezama hachagui. Nilikishika kwa mkono wa kulia, na kilikuwa baridi, baridi ya chuma cha asubuhi. Kikavuta. Watu wawili wazima, mmoja wao Saidi, tulitolewa kwenye maji yale kama kuku wawili wanaobebwa sokoni. Nilianguka juu ya majani na Saidi pembeni yangu anatapika maji. Nilipoinua kichwa hapakuwa na mtu.

"Ahsante, mzee," niliuambia ukungu.

Na kutoka ng'ambo ya pili ya kijito nikasikia, taratibu, "Marahaba."

Hatujakaa sana, nikasikia nyayo zinapandisha mbio. Yohana. Alikuwa wa pili wakati ule, tayari keshaanza kuingia Gongo la Mboto, na amegeuka. Kabla hajapumua akauliza Saidi yuko wapi. Nilimwonyesha. Akakaa chini, akashika kichwa.

"Kuna mzee mmoja mwenye mkoba," alisema. "Alikimbia nami. Akaniuliza mara tatu wenzangu wako wapi. Nikaona aibu."

Nikamuuliza ilikuwa wakati gani. Tukapiga hesabu ya mwendo, tukairudia. Ilikuwa wakati uleule aliponiuliza mie. Na kati yangu na Yohana palikuwa na zaidi ya maili nzima.

Saidi alikuwa amelala na meno yanamgonga. Akafungua macho.

"Mzee gani mnayemsema?" alituuliza. "Yule aliyekuwa amekaa nami kwenye mzizi? Hakuondoka hata dakika moja. Kila nikitaka kufumba macho ananitikisa. Aliniambia nisilale, wenzangu ameshawaita."

Wewe ungesema nini?

Tulimbeba kwa zamu mpaka Gongo la Mboto, kwa Bi Mwanaidi, mama wa Kizaramo aliyekuwa akiuza chai na mihogo ya kuchemsha kando ya barabara. Alimfunga Saidi khanga mbili, akamsogeza motoni, akampa chai ya tangawizi. Yohana ndiye aliyemweleza. Bi Mwanaidi hakushtuka. Aliendelea kukoleza moto.

"Huyo ni tarishi," alisema. "Mie mtoto nilikuwa nikimwona, alipeleka barua mjini, ya haraka ameibana kwenye ncha ya kijiti chake, tangu Mjerumani, na Mwingereza alipokuja akamkuta. Walikuwa wakienda wawili. Mwaka mmoja, wakati wa masika, alikuwa na haraka, akavuka kijito mbele, hakutazama nyuma. Alipofika hapa watu wakamuuliza, mwenzio yuko wapi? Akasema anakuja. Wakangoja mpaka mchana. Basi akazitoa barua za watu mkobani, akaziweka pale mlangoni kwa baba yangu, akarudi kumtafuta. Hakuonekana tena, wala yeye wala mwenziwe."

Kisha akatuambia, "Msimwogope. Mwombeeni."

Saidi alipelekwa mjini kwa lori, akalala hospitali na kifua chake kwa muda mrefu. Alipona. Mama yake alipokuja kunishukuru nilishindwa kumtazama, nikamwambia kweli yote, kwamba nilimwacha. Alinisikiliza mpaka mwisho. Akasema, "Uliporudi ndipo uliponirudishia mwanangu. Kwingine kote mie sina habari nako." Mpaka amekufa, kila Idi sahani ya kwanza ya halua ilitoka kwake kuja kwangu.

Kuna jambo moja zaidi. Mwezi mmoja baada ya mbio alikuja dukani kwa Saidi mshindi wa mwaka ule, fundi cherehani wa Keko. Amekonda, macho mekundu. Mkononi ana kile kikombe, amekifunga kwa kitambaa. Akasema siku ile alichelewa kuondoka Pugu, akamwona Saidi akiyumba pale darajani, ameushika ule ubao wa ukingo, akampita, akijiambia kwamba watakaokuja nyuma watamsaidia. Kwenye mteremko mzee mmoja akamuuliza, yule uliyempita yuko wapi? Aliongeza mwendo, akashinda.

"Tangu siku hiyo ananiuliza," alisema yule fundi. "Nikikanyaga cherehani, naisikia sauti yake. Nikilala, naisikia. Chukua kikombe hiki, ndugu yangu, na unisamehe."

Saidi alimkalisha, akampa kahawa, akamwambia amesamehe tangu zamani. Kikombe hakutaka. Fundi akakiacha hapohapo juu ya meza ya duka, akaondoka bila kugeuka. Saidi akakifanya cha kuchotea mchele. Fundi alituambia baadaye kwamba sauti ilipungua, lakini haikuisha. Kila mvua za masika zikianza, humjia tena.

Na mie? Nilizikimbia mbio zile miaka saba mingine, watatu wetu bega kwa bega, mwendo wa Saidi. Hatukushinda hata mara moja. Tulifika jua likiwa limekwisha kuwa kali, watu wameanza kutawanyika, tunacheka. Nikikwambia hiyo ndiyo miaka mizuri ya maisha yangu, usidhani ninatia chumvi. Kila tulipofika kwenye lile daraja tulisimama. Mie na Saidi tukasoma Fatiha, Yohana akasali Baba Yetu, halafu tukaendelea.

Hebu nishike kiganja hiki cha kulia. Umesikia? Baridi. Na hicho cha kushoto? Kina joto kama cha mtu yeyote. Madaktari wawili wamekitazama, hawakuona kitu. Hakiniumi. Usiku nikikilaza kifuani namshukuru Mungu, nawashukuru wenzangu, namshukuru na yule ambaye sijui hata jina lake.

Nawe unayependa kukimbia, usiipite ile barabara ya Pugu asubuhi ya ukungu kama huna habari na watu ulioondoka nao. Huyo mzee hana ubaya na mtu. Lakini usimdanganye kwamba mwenzio anakuja, ikiwa hujamwona kwa macho yako. Yule fundi wa Keko ni mzee sasa kama mimi, na jana mvua ilipoanza kunyesha nilimkuta amekaa barazani kwake, ameziba masikio kwa mikono miwili.