Nyimbo za Nabalayo Zilizopotea kwa Diski

Chelagat hakuwa mtu wa kutulia. Hata akiwa ameketi, goti lake lilirukaruka chini ya meza, na waimbaji waliokuja kurekodi kwake mtaa wa Free Area, Nakuru, walizoea kumngoja avue viatu kwanza, la sivyo maikrofoni ingenasa kisigino chake kikigonga sakafu. Studio yake ilikuwa chumba chake cha kulala. Godoro aliliegemeza ukutani lizuie mwangwi, blanketi nzito zikaning'inia dirishani, na friji ilizimwa kila alipotaka kurekodi. Nyuma ya ploti kulikuwa na shule ya msingi, kwa hivyo kazi ilifanyika watoto wakiwa madarasani. Kengele ya mapumziko ikilia, waimbaji nao walienda kunywa chai.

Kilichomsukuma kwenye kazi hiyo kilikuwa msiba. Kaka yake mkubwa, Kimeli, alikuwa akiimba kanisani kwao karibu na Sachangwan, na watu walisema sauti yake ingeweza kumtoa mgonjwa kitandani. Mwaka wa 2009, lori la mafuta lilipoanguka na kuwaka moto pale barabarani, Kimeli alikuwa mmoja wa wale wengi ambao hawakurudi nyumbani. Chelagat alikuwa bado msichana wa shule. Baada ya mazishi mama yao alizunguka akitafuta sauti ya mwanawe: kwenye simu za majirani, kwenye kanda za kanisa, hadi kwa mpiga video wa harusi kule Molo. Picha zilikuwepo. Sauti hapakuwa na aliyeihifadhi. Tangu hapo, Chelagat akimsikia mtu anayeimba vizuri, mwili ulimwasha kama aliyeguswa na upupu. Hakuweza kumwacha aende zake hivihivi.

Ndivyo alivyomwandama Nabalayo. Huyu alikuwa mama wa makamo aliyeuza maziwa dukani karibu na nyumba za zamani za reli, mahali ambapo babu yake alifikia alipotoka Bungoma kuja kutia makaa kwenye injini za treni. Wateja walimwita Mama Travis, kwa jina la mwanawe. Aliongoza kwaya ya kanisa lake, lakini Chelagat hakumsikia huko. Alimsikia dukani, akisuuza mikebe, akiimba wimbo wa Kibukusu wa kubembeleza mtoto, taratibu, kama anayezungumza na maji.

"Huo wimbo ni wa nani, Mama Travis?"

"Wa mama yangu. Kabla yake sijui."

"Ushawahi kuurekodi?"

"Nani atarekodi mtu wa maziwa?" Nabalayo akacheka, akamjazia chupa yake.

Chelagat aliuliza tena, na tena, hadi ikawa ni utani kati yao. Kisha asubuhi moja Nabalayo akabisha hodi Free Area mwenyewe, leso imefungwa shingoni.

"Daktari ameona uvimbe hapa," alisema, bila kuketi. "Wataukata. Anasema mishipa ya sauti iko hapo karibu kabisa, na sauti inaweza kubadilika. Kama bado unanitaka, ni sasa."

Walirekodi asubuhi baada ya asubuhi, hadi siku ya kulazwa ilipofika. Chelagat alitumia programu iitwayo Reaper, aliyoipenda kwa sababu haikuisumbua kompyuta yake kuukuu. Nabalayo aliimba sauti ya mbele, kisha akavaa vipokea sauti masikioni na kujiimbia mwenyewe juu yake, sauti ya pili, halafu ya tatu, mpaka ikawa kwaya nzima ya mtu mmoja. Aliposikiliza wimbo wa mamake ukiwa umekamilika, aliomba maji.

Kila kazi ilipokwisha, Chelagat aliinakili kwenye diski ya pembeni na kuiweka kabatini. Hilo alijivunia. Aliwajua maprodyuza wengi mjini waliopoteza albamu nzima kwa sababu ya laptopu iliyoibwa au kumwagikiwa chai, naye aliapa kwamba hatakuwa mmoja wao.

Upasuaji ulikwenda vizuri. Uvimbe haukuwa ule mbaya wa saratani. Lakini sauti ya Nabalayo ilirudi nzito na yenye mikwaruzo, kama ya mtu mwenye mafua yasiyoisha, na noti za juu akawa hazifikii tena. Hakulalamika. Alimwachia mwingine uongozi wa kwaya, akaanza kukaa viti vya nyuma karibu na mlango.

Miezi michache baadaye, Chelagat akiwa katikati ya kuchanganya na kusawazisha sauti za zile nyimbo, stima ilipotea mtaa mzima, ikarudi kwa kishindo, ikapotea tena. Kompyuta haikuwaka. Alipojaribu mara nyingine, diski ya ndani ilitoa mlio wa tik, tik, tik, kama kuku anayedonoa bati. Aliumia kwa ajili ya kompyuta, lakini kwa nyimbo hakuogopa. Alitoa diski ya kabatini, akang'oa na ile iliyokufa, akaelekea Njoro kwa binamu yake Kipruto, aliyekuwa akisimamia kompyuta katika chuo kimoja.

Kipruto alichomeka diski ya kabatini na kufungua wimbo wa kwanza. Kwenye skrini mistari ikajipanga yote kwa rangi zake: sauti ya mbele, ya pili, ya tatu, gitaa, ngoma. Lakini ndani ya mistari hapakuwa na kitu. Ujumbe ukatokea kwamba faili za sauti hazipatikani. Akafungua wimbo mwingine. Vilevile.

"Chela, ulikuwa unakopi nini hapa?"

"Nyimbo. Kwani ni nini hiyo?"

"Hizi ni faili za projekti tu. Zinaambia programu sauti gani ianze wapi na iwe na nguvu kiasi gani. Sauti zenyewe ni faili zingine." Akasogeza kiti kando ili Chelagat aone vizuri. "Wewe huanza kurekodi kabla ya kusevu, sindio? Basi sauti zote zimekuwa zikiingia folda ingine, ndani ya ile diski ya kompyuta yako."

"Hii imekufa."

"Hiyo imekufa. Ukisevu projekti kuna mahali pa kuweka tiki, ndiyo programu ikusanye sauti zote ziingie folda moja na projekti."

"Naijua hiyo tiki," alisema Chelagat. "Naiona kila siku."

Alisimama, akatoka nje, akatembea hadi penye uzio wa shamba la ngano na kurudi, kisha akaenda tena. Miaka yote ile alikuwa amenakili, na hakuwahi hata mara moja kufungua nakala kwenye kompyuta nyingine aone kama inaimba. Aliporudi, Kipruto alikuwa amekwishaifunga diski iliyokufa ndani ya taulo.

"Usiiwashe tena. Kila ukiiwasha inajikwaruza zaidi. Kwanza nitajaribu kunakili diski yote ilivyo, kipande kwa kipande, halafu tutafute ndani ya nakala, si ndani yake. Itachukua muda. Nenda nyumbani."

Nyumbani hakukaliki. Alifua nguo zilizokuwa safi. Alipanga nyaya, akazipangua. Alianza kununua maziwa duka la mbali, na akipita karibu na nyumba za reli alitembea upande wa pili wa barabara kama mdeni. Hatimaye aibu ilimshinda, akaingia dukani na kusema yote, akiwa amesimama mbele ya kaunta kama mtoto aliyevunja sahani.

Nabalayo alimhudumia mteja mmoja kwanza. Alifunika mkebe.

"Hata ule wa mama?"

"Hata ule. Kuna mtu anajaribu kuokoa, lakini siwezi kukuahidi."

"Nilikuja kwako kwa sababu wewe ulisema unajua kuweka." Sauti yake mpya haikupanda, ilikwaruza tu. "Leo nenda, Chelagat. Nenda tu."

Kipruto alipopiga simu, alikuwa na habari za nusunusu. Sehemu kubwa ya diski ilikuwa imesomeka, na programu ya PhotoRec ilikuwa imekusanya faili za sauti, lundo lisilo na mwisho, zote zikiwa zimepoteza majina yake. Zilibaki nambari tu. Nyingine zilikuwa nzima, nyingine zimekatwa katikati. Hapakuwa na njia ila kuzisikiliza.

Chelagat aliazima laptopu, akaketi na kusikiliza. Kwa mara ya kwanza goti lake lilitulia. Alipita kwenye matangazo ya duka la magodoro, kwaya za vijana, majogoo wa jirani, rapa mmoja aliyekohoa kuliko alivyoimba. Wiki zilipita. Kisha, katikati ya faili isiyo na maana yoyote, akasikia: "Naweza kunywa maji kwanza?" Ilikuwa ile sauti ya zamani, laini na ya juu. Aliondoa vipokea sauti, akaviweka mezani, akalia kidogo, akavivaa tena.

Baadhi ya nyimbo zilirudi nzima. Nyingine hazikurudi kabisa. Wimbo wa mama ulirudi vibaya: sauti ya pili na ya tatu zilikuwa nzima, lakini sauti ya mbele ilikatika mara tu ubeti wa kwanza ulipokwisha.

Alibeba laptopu hadi dukani, mchana wakati wateja ni wachache. Nabalayo alimtazama, akajifuta mikono, akakubali kuvaa vipokea sauti. Alisikiliza akiwa amefumba macho. Ubeti wa kwanza ulipokwisha, akayafumbua.

"Yule wa mbele ameenda wapi?"

"Amekatika hapo. Wamebaki wale wa nyuma."

"Rudisha."

Chelagat akarudisha. Mara ya pili Nabalayo alianza kuimba mdomo umefumbwa, chini kabisa, chini ya nafsi zake mbili za zamani zilizokuwa zikiimba masikioni mwake.

"Niko chini sana ya hawa."

"Kaa hukohuko chini."

Walirekodi beti zilizobaki juma lile. Safari hii Chelagat alifungua folda kwanza, akasevu projekti kabla ya kuwasha maikrofoni, akaweka tiki. Kazi ilipokwisha alitoa kila sauti peke yake kama faili nzima ya WAV, ili programu yoyote iweze kuifungua hata baada ya miaka. Programu ya FreeFileSync ilinakili folda kwenye diski mbili, moja ikabaki kabatini na moja ikapelekwa Njoro. Nakala nyingine ilipanda mtandaoni. Na kila mwisho wa juma Kipruto alichagua wimbo wowote, akaufungua kwenye kompyuta yake, akamtumia kipande kwa simu ili asikie kwamba upo. Hata hivyo, kipande kikichelewa kuja, Chelagat alikuwa akizunguka ploti na simu mkononi.

Chelagat alitaka wimbo utoke hivyo ulivyo: ubeti wa kwanza sauti ya zamani, zilizobaki sauti mpya. Aliona hakuna kitu kizuri kama mahali pale ambapo moja inaishia na nyingine inapokea. Nabalayo alisikiliza hadi mwisho, akatikisa kichwa.

"Hapo panapokatika pananiuma," alisema. "Hiyo nipe mimi na Travis. Ile ya watu, nitaimba yote na hii niliyo nayo sasa."

Walibishana kidogo, kisha Chelagat akaliegemeza godoro ukutani na kuwasha maikrofoni tena. Wimbo uliosambaa Nakuru, ukapigwa hata redioni, ni huo wa sauti nzito tangu mwanzo hadi mwisho. Ule mwingine aliutia kwenye flashi mbili. Moja Nabalayo aliikabidhi kwa Travis, aliyekuwa akifanya kazi Eldoret, kwa sababu Chelagat alikataa katakata zikae nyumba moja.

"Wewe hutulii kabisa," Nabalayo alimwambia.

Jumapili iliyofuata kanisani, Nabalayo aliondoka viti vya nyuma. Hakurudi kwenye mstari wa wanawake wa kwaya. Alipita mbele, akasimama na wanaume wa sauti ya tatu, iliyo chini ya zile za wanawake, wakamsogezea nafasi.