Baba Aliyetia Sahihi

Baba alipopata kazi London, alituambia ni kazi ya michezo. Mombasa alikuwa na duka lake la vitambaa. Hapa alipiga magoti kutwa akiwafunga watu viatu vya kutelezea theluji. Theluji yenyewe haikuwepo. Palikuwa na ukumbi mkubwa, na ndani yake mteremko uliotandikwa mikeka ya plastiki yenye nywele ngumu kama za brashi ya kusugulia sakafu. Waliimwagia maji ili zile mbao ndefu za miguuni ziteleze. Wazungu walikuja na watoto wao mwaka mzima, jua liwe kali au mvua inyeshe.

Familia za wafanyakazi ziliingia bure Jumapili asubuhi, na Baba hakutaka tukose hata moja. Alisema tukiujua mchezo wao, watatuzoea. Mimi nilikuwa na miaka kumi na miwili, mdogo wangu tisa. Tulijifunza upesi, lakini hakuna aliyetuzoea. Watoto wengine walingoja sisi tushuke kabisa ndipo wapande.

Mama alikaa benchini, koti juu ya sari. Siku za kazi alishona nguo za watu katika chumba chetu cha kupanga Kilburn, na mkono wake ulisifiwa mtaa mzima. Kwa miezi Baba alimsumbua avae suruali naye apande, maana yeye peke yake ndiye aliyekuwa akitazamwa. Mwishowe Mama akachoka kukataa. Suruali alijishonea mwenyewe.

Alishuka kidogo tu. Alipoanguka, dole gumba likanasa kwenye mkeka, mwili ukaendelea kuteremka. Nilimkuta ameketi, ameukumbatia mkono, midomo imemkauka.

Meneja alimvuta Baba pembeni akampa karatasi. Baba akatia sahihi pale pale kwenye kaunta ya viatu, kisha akaja kumvua Mama viatu vya kutelezea.

Ndani ya basi la kwenda hospitali, Mama akamuuliza karatasi ile ilisema nini. Wao wawili walizoea kuzungumza Kikachi, lugha ya wazee wao kutoka India. Siku ile aliuliza kwa Kiswahili, nadhani ili nasi watoto tusikie vizuri.

"Inasema ulionywa usipande," Baba akajibu.

"Nani alinionya?"

Baba akageukia dirisha.

"Nakuuliza, nani alinionya?"

"Mimi," akasema. "Nimeandika ni mimi."

Dole liliunga vibaya. Mama hakuweza tena kushika sindano, na wateja wakahamia kwa wengine. Akaajiriwa kusafisha ofisi alfajiri. Jumapili iliyofuata ile ya ajali, Baba alituamsha kama kawaida. Mama, mkono ukiwa kwenye bandeji, alitusaidia kuvaa makoti. Tukaenda. Tuliendelea kwenda mpaka nilipomaliza shule.

Nilipokuwa mtu mzima nilimuuliza Baba kwa nini alitia sahihi. Hakukasirika. Alisema wiki ile ile Wahindi wenzetu waliofukuzwa Uganda walikuwa wamepanga foleni mlangoni wakiulizia kazi.

"Ningekataa, ningewalisha nini?"

Mama alikuwa jikoni, mlango uko wazi. Baba alijua anasikia. Hata hapo hakumwambia pole.