Kigoda cha Kwamboka

Nakumbuka vizuri asubuhi niliyoanza kumshuku Kwamboka. Nilikuwa sijamaliza miaka miwili tangu niolewe, mwanangu, na kazi yetu wanawake ilikuwa kusugua vinyago vya mawe ya sabuni, yale mawe laini ya kuchonga, kwa msasa, pale uwanjani karibu na machimbo. Ilitakiwa tusugue ndani ya karai la maji. Lakini kisima kilikuwa bondeni, kwa hiyo tulisugua kavu, tukarudi nyumbani weupe kwa vumbi mpaka kope.

Mimi nimezaliwa na shaka. Hata chai ya jirani huitazama kwanza kabla sijainywa. Sasa ikawa sote tunakohoa, isipokuwa Kwamboka. Nikaanza kumchunguza. Alfajiri alishuka kisimani peke yake. Alinyunyiza maji chini kabla ya kuketi. Alihamisha kigoda chake hata mara tatu kwa siku, kisha akaketi akitutazama usoni. Jioni alivua gauni lake la kazi, akalifunga kwenye mfuko, akaenda nao. Nikajiuliza, anaficha nini huyu?

Binti yangu Kemunto, aliyekuwa bado ananyonya, alipoanza kukohoa naye, sikungoja tena. Nilisema kisimani, mbele ya wanawake wanne, "Yule Kwamboka ndiye anayetumaliza." Heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi. Kufikia Sabato hakuna aliyempa hata chumvi, na usiku watu wakarusha mawe juu ya bati lake. Unajua tuhuma ya uchawi huishia wapi huku kwetu: kwenye moto.

Mama mkwe wangu aliposikia, hakunigombeza. Aliingia chumbani, akatoa gauni langu la kazi lililoning'inia juu ya kitanda cha mtoto, akalikung'uta mlangoni penye jua. Vumbi jeupe likajaa mlango mzima.

"Moraa, mchawi wako ni huyu," akasema. "Unamlaza na mtoto."

Kisha akaniambia kwamba mama yake Kwamboka alisugua mawe hayohayo na kufa na kifua, ndiyo maana bintiye hufuata upepo, vumbi lisimfikie.

"Wewe ulimuuliza?"

Sikuwa nimemuuliza. Kikulacho ki nguoni mwako, nami nilikuwa nakitafuta kwa jirani.

Nilikwenda kumwomba msamaha, nikakuta kufuli. Alikuwa amekimbilia kwa kaka zake, kule Ekerenyo. Uwanjani kigoda chake kilikuwa bado pale. Nikakikalia. Upepo ulinipiga mgongoni, nikaona vumbi la wenzangu linakwenda upande wa pili. Niliona aibu, nikalia. Kemunto alipona. Kifua changu hakikupona, na Kwamboka hakurudi.

Kwa hiyo wewe unayeanza kazi hii kesho, sikwambii uache kushuku. Shuku sana. Shuku vumbi usiloliona jioni. Mshuku tajiri anayevaa barakoa peke yake akiwaambia ninyi jiwe halidhuru. Shuku kikohozi kinachopita wiki mbili, uende hospitali, usiende kwa majirani. Lowesha jiwe hata maji yakiwa mbali, na gauni la kazi lisivuke kizingiti. Lakini mwenzako akifanya jambo usilolielewa, vuta kigoda karibu naye umuulize.

Haya, nenda. Mungu akulindie kifua, mwanangu, na ulimi pia.