Mlenda wa Mwalimu Bartolomayo

Mwalimu Bartolomayo Chilewa wa Miyuji alistaafu tarehe 30 Juni 2023, baada ya kufundisha jiografia miaka thelathini na minne bila kuona volkano hata moja. Kila mwaka alibeba mlenda wa moto darasani, akaumwaga juu ya mlima wa ugali, akasubiri ugande. "Lava ndiyo hii," alisema. "Ikipoa, inakuwa laini." Wanafunzi walinakili, kisha wakala mlima.

Mwezi uliopita mkewe, Hilda, alimpeleka akaione. Mahali pa kutazamia mandhari pako juu ya mlima mmoja ng'ambo ya Kondoa, na njia yake inakatiza uwanda mzima wa lava iliyoganda. Hilda alivaa buti. Mwalimu alivaa viatu vya kanisani.

"Baba Devota, utaumia."

"Mimi na lava tunajuana."

Mwongozaji, mwanamke wa Kirangi mwenye kofia pana, aliinamisha kichwa. "Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba. Nimekufundisha?"

"Mimi ni Sikudhani Mbwana, darasa la sita, mwaka tisini na nane. Nilikuwa nakaa Miyuji kwa shangazi. Niliandika kwamba lava inakata viatu, maana baba alikuwa akipitisha mbuzi huku. Ukanipa sifuri."

"Na ulistahili," alisema Mwalimu, akakanyaga.

Mawe yalikuwa meusi, yamechongoka kama chupa zilizovunjwa. Kwenye hatua ya ishirini soli ya kushoto ilipasuka. Kwenye ya arobaini, ya kulia ilibaki nyuma. Mwalimu alimtazama mkewe, ambaye alikuwa akitazama mawingu kwa adabu iliyozidi. Akawaza madarasa yote yale, na kila mtoto ambaye yeye alimwambia lava ni laini. Akamgeukia Sikudhani.

"Ile karatasi unayo?"

"Baba aliisokotea tumbaku."

"Basi naisahihisha hapa hapa. Kumi kwa kumi."

"Ahsante, mwalimu. Ila upande wa pili wa mlima ipo iliyoganda laini, kama ulivyosema. Nakupa tano."

"Mpe sita," alisema Hilda. "Mlenda niliupika mimi."

"Mlenda ulikuwa mtamu, mama. Ugali ndio ulikuwa mbichi."

Ugali alikuwa akiupika Mwalimu mwenyewe.

Sikudhani alitoa katambuga kwenye mkoba, na kwa viatu hivyo vya matairi Mwalimu alifika juu. Alitazama kwanza upande wa pili, akahakikisha ile laini ipo, ndipo akatazama mandhari.

Jumatatu atarudi shuleni na mabaki ya viatu vyake. Mwalimu mkuu amempa dakika ishirini za darasa la sita.