Vipimo vya Brenda

Hasani Twalha ni fundi seremala pale Bunda, na kama umewahi kufiwa upande ule huenda mmeshakutana. Anatengeneza vitanda, milango na makabati, lakini jina lililomganda ni fundi wa majeneza. Cha kuchekesha ni kwamba yeye mwenyewe ni Mwislamu na atazikwa kwa sanda. Majeneza yote yale anawatengenezea Wakristo. Mke wake hamruhusu kuingia ndani na tepu yake ya kupimia. Anaiacha karakanani, imening'inia kwenye msumari, ndipo anakaribishwa chakula.

Mimi naitwa Matrida. Ni mlezi katika kitengo cha elimu maalumu kwenye shule moja ya msingi Butiama. Nawaogesha watoto, nawalisha, na nagombana na mtu yeyote anayewaita wagonjwa. Kitengo chetu kinaishi kwa msaada wa shirika moja la hisani lenye ofisi Musoma: uji, sare, magodoro, mpaka gari la kuwaleta watoto. Mwaka juzi shirika liliamua watoto saba wenye mtindio wa ubongo watengenezewe viti vya mbao vya darasani, kila kiti kwa mwili wa mwenyewe. Mtoto wa namna hiyo ukimweka kwenye kiti cha kawaida anaporomoka kama nguo. Akikaa sawasawa, amefungwa mikanda kifuani na kiunoni, ndipo mikono na akili vinapata nafasi ya kufanya kazi.

Kazi alipewa Hasani. Watoto sita aliwapima hapa hapa shuleni, akatengeneza viti sita, nikavikagua kwa jicho baya na nikakosa kasoro. Wa saba alikuwa Brenda, miaka tisa, aliyekuwa bado Suguti kwa bibi yake, Benedikta, akisubiri kuanza shule Januari. Bibi alituma ujumbe kwamba fundi asihangaike, barabara ina matope, vipimo atachukua mwenyewe. Akavituma kwa simu, vyote, bila kuruka hata kimoja.

Siku ya kufungua shule Brenda akaletwa, tukamweka kwenye kiti chake. Nilishtuka mpaka nikapiga yowe. Mtoto alizama. Miguu ilining'inia mbali na ubao wa kukanyagia, makalio yakateleza mbele, mkanda wa kifuani ukapanda mpaka kooni. Nilimnyakua kabla hajakosa pumzi. Kiti kile kingeweza kukaliwa na wawili kama yeye.

Mwalimu Machage, mkuu wa kitengo, hakugomba. Alisema tu kwamba mtoto hawezi kulazwa sakafuni siku nzima akaitwa mwanafunzi, na kwamba yuko mwingine kwenye orodha anayengoja nafasi. Akatoa wiki mbili kiti kipatikane, la sivyo nafasi iende kwa huyo. Brenda akarudishwa Suguti na gari lile lile lililomleta.

Nilimpigia Hasani simu nikamwambia maneno ambayo sitayaandika. Alikuja siku hiyo hiyo na karatasi yake. Akapima kiti, akasoma karatasi, akapima tena. Kila kitu kilikuwa sawa na vipimo alivyotumiwa. Akauliza, "Mwalimu, hii ni miguu ya nani?" Huwa ananiita mwalimu, ingawa anajua vizuri mimi si mwalimu.

Kesho yake tukaenda Suguti. Bibi Benedikta alitupokea kwa furaha na kututolea viti nje, mpaka alipoiona tepu mkononi mwa Hasani. Akaenda kusimama mlangoni.

"Huyu namjua," alisema. "Ndiye alimpima baba yao. Anapimaga watu wa kuzikwa. Mjukuu wangu hampimi."

Ndipo yakatoka yote. Baba yake Brenda alifia Bunda miaka minne nyuma, na Hasani ndiye aliyetengeneza jeneza. Bibi alipoambiwa fundi wa viti ni nani, alimlaza chini Scholastika, dada yake Brenda mwenye miaka kumi na miwili, akampima huyo. Scholastika ana afya, alisema, yeye hata vipimo vyake vikiingia kwenye karatasi ya fundi yule havitamdhuru. Brenda mwili wake tayari ni dhaifu. Ukiandika vipimo vyake umemmaliza.

Nilipigwa na butwaa. Butwaa ilipoisha ikaja hasira, nikamwambia bibi kwamba kwa ujinga wake mtoto nusura anyongwe na mkanda. Hilo si neno la kumwambia mama mtu mzima kwenye mji wake, nami nilijuta likiwa limeshatoka. Brenda alikuwa amelala kwenye mkeka kando ya mlango, macho juu. Bibi alisema tu kwamba tunaweza kugombana tutakavyo mbele ya mtoto, kwani haelewi kitu.

Hasani hakujitetea. Alivua viatu, akajilaza chali karibu na mkeka, mikono ubavuni, akamnyooshea bibi tepu.

"Mama, nipime mimi kwanza. Kichwa mpaka kisigino."

Mtu mzima, ndevu zimeingia mvi, amelala vile vile alivyozoea kuwakuta wengine wamelala. Bibi alimtazama na kidogo acheke.

"Wewe Mwislamu. Nyie hamzikwagi na sanduku. Hiyo haikuhusu."

Kisha akanigeukia mimi. Rozari yangu ilikuwa shingoni.

Hapo ndipo nilipojijua. Mimi niliyetoka kumwita mwenzangu mjinga, sikutaka kulala chini nipimwe. Nilitafuta sababu: gauni jipya, vumbi, muda umekwenda. Hasani alishainuka, ananitazama. Nikalala. Bibi akashika ncha ya tepu kichwani kwangu, Hasani akaivuta mpaka kisiginoni, na ulipopita ule ukanda baridi juu ya mkono wangu niliogopa, tena sana, nikasali Salamu Maria nzima. Sentimita mia moja sitini na moja. Hasani akaandika kwenye karatasi yake.

Nikiwa bado chini, sauti ikatoka pembeni yangu, nzito, inavutwa polepole kama ndoo inayopandishwa kisimani.

"Na... mimi."

Brenda alikuwa amegeuza shingo kwa nguvu zake zote, akinitazama. Akarudia, safari hii vizuri zaidi.

"Bibi. Na mimi."

Bibi aliweka mkono mdomoni. Miaka tisa amemlisha, amemwogesha, na kwa kweli amempenda, wala hakujua kwamba kila kinachosemwa juu ya kichwa cha mtoto huyu kinaingia. Aliketi pale pale chini, akalia. Kisha akaichukua tepu mwenyewe, akampima mjukuu wake nyonga mpaka goti, goti mpaka kisigino, akitaja namba moja moja, Hasani akiandika.

Kiti kipya kilifika zikiwa zimebaki siku tatu wiki mbili ziishe. Brenda alikaa, kichwa kikasimama, macho yakafika ubaoni. Kufikia Juni alikuwa anaunganisha silabi na kula uji kwa kijiko mwenyewe, nusu ukiishia kwenye sare. Yule mtoto aliyekuwa kwenye orodha naye alipata nafasi, shirika likamwagizia kiti chake.

Septemba niliona magoti ya Brenda yanagonga meza. Nikamwita Hasani, lawama nimeshaziandaa. Alimpima, akatazama karatasi ya mwanzo, akapima tena. Aibu ya Januari ilikuwa haijamtoka, maana alipima na mara ya tatu. Goti mpaka kisigino, mtoto alikuwa ameongezeka sentimita mbili.

"Mwalimu," akasema, "tangu nianze kazi hii, sijawahi kurudi kumpima mtu niliyekwisha kuandika vipimo vyake."

Akakaa sakafuni kando ya kiti, ameshika mguu wa Brenda, nami nikaketi upande wa pili.