Siku Eliya Alipozaliwa Msichana

Nilipoolewa Kitale, mwanzoni mwa miaka ya themanini, nilikuta watu wa boma la mume wangu wakimngoja Eliya. Baba mkwe, aliyeongoza kanisa dogo la mabati pale shambani, alifundisha kwamba manabii hurudi duniani kwa kuzaliwa upya. Eliya alikwisha kurudi mara moja akiwa Yohana Mbatizaji, na angerudi tena. Kwetu Bungoma kanisani hatukuyasikia mambo hayo. Nilinyamaza tu, kwa sababu nilikuwa bibi arusi.

Kisha nikashika mimba, na baba mkwe akaota ndoto. Jumapili alisimama madhabahuni akatangaza kwamba Eliya yumo tumboni mwangu.

Tangu hapo sikuteka maji tena. Waumini waliniletea mayai, maziwa ya mala yaliyogandishwa na kuku wa kienyeji. Shemasi, ambaye alikuwa fundi wa viatu, akashona mshipi mdogo wa ngozi kama ule wa nabii. Nilikula kuku huku nikihesabu miezi.

"Na akiwa msichana?" nilimwuliza mume wangu akipalilia mahindi.

"Utamnyonyesha," alisema, bila kuinua kichwa.

Siku zilipokaribia nilienda kwa mama yangu Bungoma, na uchungu uliponishika akanipeleka hospitali ya misheni, Lugulu. Uchungu ulichukua muda mrefu, hata habari zikapata nafasi ya kufika Kitale. Nilipojifungua asubuhi, baba mkwe na waumini wake walikuwa tayari uani mwa hospitali na kanzu zao nyeupe, wameteremka kwenye lori la mahindi pamoja na ngoma.

Alikuwa msichana.

Mama mkwe aliingia wodini, akafunua leso aliyofungiwa mtoto, akatazama, akaketi kitandani. "Sasa nitawaambia nini hawa watu?"

"Nitawaambia mwenyewe, Mama."

Nilitoka na mtoto kifuani. Ngoma ikanyamaza. Kwa heshima ya mkwe, kama ilivyo mila yetu, sikumkaribia baba mkwe wala kumtazama usoni. Nilisimama mbali, nikasema kwa sauti ambayo sikujua ninayo: "Baba, ulitufundisha kwamba roho hurudi katika mwili anaoupenda Mungu. Basi amependa huu. Ni msichana."

"Ati Eliya msichana?" shemasi alisema. "Hapana bana. Hii sasa ni mchezo."

Baba mkwe alivua kofia. Aliniuliza jambo moja tu: "Alipozaliwa, alilia?"

"Alilia mpaka wodi nzima ikaamka."

Alianza kucheka polepole, machozi yakimtoka. Akamtuma mama mkwe aje kumchukua mtoto kwangu, akampokea, akauchukua ule mshipi mikononi mwa shemasi na kumfunga nao juu ya blanketi. "Karibu tena, sauti ya aliaye nyikani," alimwambia. Wanawake wakapiga vigelegele hata wauguzi wakatoka kutazama. Shemasi na wenzake wachache waliondoka siku hiyo na hawakurudi kanisani. Waliobaki walinipandisha lori mbele, kando ya dereva, wakaimba njia nzima mpaka Kitale.

Jumapili iliyofuata, mjane mmoja mzee ambaye hakuwahi kufungua kinywa kanisani alisimama akaenda madhabahuni. Wanawake hawakuruhusiwa kufika hapo. Mwanamume mmoja akanyanyuka kumzuia.

"Keti," mjane alimwambia. "Kama Eliya anavaa gauni, mimi utanikataza kwa lipi?"

Akahubiri. Baada yake akasimama mwingine, na mwingine. Kufikia miaka ya tisini, nusu ya wahubiri wetu walikuwa wanawake, nami nikiwemo.

Binti yangu alipokuwa darasa la sita, wageni kutoka Moi's Bridge walikuja kumwona. Mmoja akamwuliza kama anakumbuka alivyoomba moto ukashuka juu ya Mlima Karmeli.

"Sikumbuki," alisema. "Lakini kama mnataka kuombewa, naweza."

Wakapiga magoti wote kwenye vumbi, wanaume kwa wanawake, naye akawaombea kwa sauti kubwa mpaka majirani wakatokeza kwenye ua.